Meza ya fomaika: inama kwanza, rangi baadaye

Mteja akifika karakana kwetu Keko, Dar es Salaam, kutafuta meza ya chakula, hupapasa juu na kuuliza kama kuna rangi ya mninga. Mimi humwambia ainame. Uso wa fomaika ni karatasi zilizoloweshwa gundi za plastiki, zikashindiliwa kwa joto kali. Mchuzi haupenyi kirahisi. Ugonjwa uko chini yake: MDF au chipubodi, yaani unga na chembe za mbao zilizogandishwa. Maji yakiingia humo ubao unavimba, na ukishavimba haurudi.

Kwa hiyo kagua kingo. Pitisha ukucha kwenye ule ukanda wa pembeni, hasa konani. Ukinasa mahali, maji yatapita hapohapo. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na uso, utaona malengelenge ambayo taa za dukani zinayaficha. Chungulia na upande wa chini: ukiwa wazi, ubao utavuta unyevu upande mmoja na kupinda, na masika ya Dar mnayajua.

Miguu iwe ya chuma au mbao ngumu. Meza nyingi ninazoletewa kutengeneza bado zinang'aa juu, ila miguu ya chipubodi imechanua kama uyoga, maana dekio la maji linapita palepale kila asubuhi. Kama umeshainunua, ivishe soli za mpira.

Vipimo ni rahisi: kila mlaji apate sentimita 60, kwa hiyo watu sita wanatoshea kwenye 150 kwa 90, wawili kila upande mrefu na mmoja kila mwisho. Mwenye watoto achukue isiyong'aa. Inayong'aa huonyesha kila mkwaruzo. (Nyeusi inayong'aa ni ya kupigia picha.)

Kusafisha, tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri na sabuni ya vyombo kidogo, halafu kikavu, hasa kwenye kingo. Bizari ya manjano isilale mezani. Wino wa kalamu hutoka kwa pamba yenye spiriti. Stili waya marufuku, na sufuria ikitoka jikoni ikalie kibao, kwa sababu joto hulegeza gundi na kuacha doa jeupe. Kile kitambaa cha nailoni kinachotandikwa mwaka mzima nacho hufungia maji chini yake. Kiondoe usiku meza ipumue. Ukitaka kuihamisha, shikeni wawili mwinue, msiburute, skrubu hazina meno ya kushika kwenye chipubodi.

Ukanda wa pembeni ukianza kubanduka, usingoje. Wenye gundi yake nyuma, weka kitambaa juu, pitisha pasi ya moto wa wastani, kandamiza mpaka upoe. Usio nayo, paka gundi ya fomaika pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubane. Ubao ukishavimba, usipoteze hela ya gundi: fundi akukatie ubao mpya wa juu, miguu mizima ibaki ileile.