Ndigana kali bandani: mwongozo kwa mtaalamu wa mifugo anayezunguka kwa pikipiki

Muheza, Korogwe na Pangani, mkoani Tanga, ng'ombe wengi wa maziwa ni chotara wanaofungiwa bandani na kukatiwa majani. Wafugaji hudhani ng'ombe asiyetoka hapati kupe. Anapata. Kupe wa masikio, yule anayeeneza ndigana kali, huingia na mzigo wa majani yaliyokatwa mahali wanapopita ng'ombe wengine. Basi masika ukipigiwa simu kwamba ng'ombe kasusa chakula, shuku ndigana kali, ila usichome sindano kabla ya kupima.

Mkobani weka kipimajoto chenye uzi na kibanio, futi ya fundi cherehani, sindano za geji 18, slaidi, methanoli, glovu, kamba na dawa. Dawa zisianikwe juani juu ya pikipiki.

Ukifika, anza na maswali: "Mama, kaacha kula tangu lini? Kuna mtu keshamchoma?" Swali la pili ndilo zito. Wengi huanza na oksitetrasaikilini ya dukani, ambayo ni antibiotiki, na hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonesha dalili. Inakula siku tu, na ugonjwa huu hauna siku za kupoteza.

Ingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa, kiguse ukuta, kikae dakika 2, kibanio kikiwa mkiani. Joto la kawaida halizidi sana nyuzi 39. Chotara aliyeshinda juani anaweza kufika 39.5 bila ugonjwa, kwa hiyo pima asubuhi au muache kwanza kivulini. Kwenye ndigana kali utakuta 40 hadi 42.

Kisha papasa tezi chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega, pande zote mbili. Ikifika ukubwa wa yai la kuku, ichome sindano, vuta maji kidogo, pakaza kwenye slaidi, iache ikauke, ichovye kwenye methanoli. Maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iko Tanga mjini, lakini matibabu yasisubiri majibu. Tezi za kawaida, kinyesi kikavu na fizi nyeupe au za njano vinaelekeza kwenye ndigana baridi, ugonjwa tofauti na ndigana kali. Mkojo mwekundu ni ugonjwa mwingine wa kupe. Kwa ng'ombe anayekonda polepole upande wa Saadani, kwenye mbung'o, fikiria nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Makosa mengi hutokea kwenye uzito, kwa sababu watu hukisia kwa macho. Zungusha futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa matako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua sm 150 na urefu sm 120 hutoa kama kilo 250.

Buparvakuoni, dawa ya ndigana kali, ya miligramu 50 kwa mililita hutolewa ml 1 kwa kila kilo 20, kwenye msuli wa shingo. Huyo wa kilo 250 anahitaji ml 12.5. Usizidishe ml 10 mahali pamoja. Gawa pande mbili za shingo. Rudi baada ya saa 48 hadi 72: homa ikiwa bado ipo, rudia dozi. Akianza kutoa povu puani na kuhema kwa nguvu, mapafu yamejaa maji. Mwambie mwenye ng'ombe ukweli kwamba nafasi ya kupona ni ndogo, na asimtembeze.

Maziwa ya siku 2 yamwagwe na nyama isiliwe kwa siku 42, au fuata kibandiko kikisema zaidi. Kama alichomwa pia oksitetrasaikilini, muda wake nao usubiriwe uishe: mabaki ya antibiotiki hufanya hata mtindi ugome kuganda.

Kabla ya kuondoka, fundisha kuogesha. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 ni ml 20 kwa lita 10 za maji, kila wiki, na mara mbili kwa wiki masika. Anza ndani ya masikio, halafu chini ya mkia na kwenye kiwele. Wengi hulowesha mgongo tu, na kupe hawako huko. Changanya ya kutosha siku hiyo, maana iliyolala hupoteza nguvu. Isimwagwe mtoni, huua samaki, na punda asiogeshwe nayo kabisa.