Mkiagiza sinia la mboga za kuchoma

Mkienda kula kikundi na mezani kuna asiyekula nyama, msimwachie chipsi na kachumbari. Agizeni sinia moja la mboga za kuchoma, liwekwe katikati, kila mtu adonoe. Mwambieni mhudumu lije likishaiva tu, mle mkisubiri mbuzi. Mkinyamaza, jikoni watataka kuleta vyote pamoja, na mboga zitakaa pembeni zikinywea.

Ulizeni pia kama zinachomwa kwenye wavu uleule wa nyama. Wengine hawajali, ila anayejizuia kwa ajili ya dini yake anajali sana. Mchomaji anaweza kusugua upande mmoja wa wavu au kutandika foili.

Cha kukagua kwanza ni bilinganya. Ikikatwa nene na mkaa ukiwa mkali, nje inaungua huku katikati imebaki nyeupe na ngumu kama sifongo. Ibonyeze kwa uma: iliyoiva inalegea, haikurudishii mkono. Ikigoma, irudishe jikoni bila aibu, bilinganya mbichi haina utamu wowote. Hoho ni kinyume chake, ngozi ikipata mabaka meusi ndiyo imenoga. Vitunguu vije vipande vinene, vyembamba hudondokea kwenye moto.

Chumvi ya ziada, ndimu na pilipili viletwe pembeni. Chumvi ikimwagwa mapema mboga hutoa maji, chini ya sinia pakawa mchuzi. Na kama kuna mahindi, yakatwe vipande hukohuko jikoni. Gunzi zima mtagawanaje?