SOMO: Kubadili beringi ya tairi la mbele nyumbani (Toyota IST), na kwa nini beringi mpya inakufa mapema

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita nimemaliza beringi ya mbele kushoto ya IST yangu hapa nyumbani Mbezi, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza nimefanyaje nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Ntaenda taratibu kwenye sehemu ya kuingiza beringi mpya maana huko ndiko inakoharibiwa, kwingine ntapita haraka.

Nianze na kilichonifanya nishike spana mwenyewe. Mwaka juzi beringi ya kulia ililia, nikapeleka gereji moja, fundi akaitoa kwa nyundo na mpya akaiingiza kwa nyundo, nikalipa, gari likatulia kabisa. Wiki ya tatu mlio ukarudi. Nikajua nimeuziwa feki, nikaenda kumlaumu muuza spea wa watu bure. Baadae nilipoipasua ile beringi nikakuta kwenye njia ya gololi kuna vishimo vidogo vimepangana, nafasi sawa sawa kuzunguka duara lote, yaani kila gololi imejichimbia kishimo chake. Feki haifanyi hivyo. Ile beringi iliuliwa siku ile ile ya kufungwa, na gari lilikuwa halijatoka hata getini.

Kwanza hakikisha kweli ni beringi

Mlio wa beringi ni ule wa kuunguruma, uuuuu, kama ndege iko mbali, unaanza kusikika kwenye kilomita 40 au 50 kwa saa na unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukiwa kwenye barabara tupu toa gia uache gari liserereke lenyewe, injini imeshuka mzunguko lakini mlio uko pale pale, basi hiyo sio injini. Alafu sikiliza kwenye kona ndefu. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia matairi ya kushoto, kwa hiyo mlio ukizidi ukikata kulia mtuhumiwa ni beringi ya kushoto, na kinyume chake. Watu wengi wanabadili upande usio wenyewe kwa sababu ndani ya gari sikio linadanganya, kona haidanganyi sana.

Kisha piga jeki. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi au bol jointi (kile kiungo cha chini kinachoshika mguu wa tairi), mwambie mtu akanyage breki wakati unatikisa: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia bol jointi. Likicheza kushoto na kulia tu, hapo tazama tairodi (chuma cha usukani kinachogeuza tairi) kwanza. Mwisho weka mkono kwenye springi ya shokapu huku mkono mwingine unazungusha tairi, beringi mbovu utaisikia kwenye springi inakwaruza kama kuna mchanga ndani. Matairi yaliyolika mawimbi nayo yanaunguruma vile vile, hamisha ya mbele nyuma uone kama mlio umehama kabla hujanunua chochote.

Vifaa

Wilspana namba 21, soketi namba 30 ya nati ya ekseli (ya kwangu ina pembe 12), soketi 17 na 19, bomba la mita moja, jeki na stendi, nyundo, patasi, plaizi ya saklipi (ile pete ya chuma inayozuia beringi isitoke), waya wa kufungia, brashi ya chuma, miwani. Stendi sio hiari wakuu. Jeki inashuka yenyewe, na tofali la bloku linapasuka bila kukuaga. Kama huna stendi azima, na lile tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi.

Beringi nenda nayo namba, au nenda na ya zamani mkononi. Koyo, NSK na NTN ni za Kijapani na zinaigwa sana, kwa hiyo angalia namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, boksi lisikudanganye, na muuzaji akikutajia bei iliyo nusu ya maduka mengine yote ujue kuna jambo.

Kufungua

Gari likiwa bado chini, nyoosha ule ukingo wa nati ya ekseli uliopondwa, mtu akanyage breki, ingiza soketi 30 na bomba, ulegeze. Legeza na nati za tairi. Ukishainua gari hiyo nati ya ekseli itakusumbua mpaka jioni, kwa hiyo usiruke hapa.

Inua, weka stendi, toa tairi. Fungua kalipa pamoja na bano lake, boliti mbili namba 17, uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Diski ikigoma ina matundu mawili yenye uzi, ingiza boliti za milimita 8 uzikaze kwa zamu, itajitoa yenyewe. Kama gari lina ABS (breki zinazozuia matairi yasijifunge) chomoa sensa mapema na uiweke mbali na nyundo.

Tairodi toa kotapini, legeza nati, alafu piga ubavu wa nako (kile chuma kikubwa kinachobeba beringi) pale ilipoingia, usipige uzi. Boliti mbili za shokapu zichore alama kwa patasi kabla hujazitoa ili zirudi pale pale. Achia bol jointi ya chini, vuta nako nje huku unasukuma ekseli irudi ndani. Ekseli usiivute kuja nje hata kidogo, sivi jointi (kiungo cha ekseli) ya ndani inaachia, au sili ya giaboksi inaanza kuvuja nawe umejiongezea kazi.

Sasa una nako mkononi na habu (kile kinachofungiwa tairi) ikiwa ndani yake. Kwa IST nyumbani kunaishia hapo kwa muda, kwa sababu beringi ya mbele imekazwa kwa presha na inatakiwa presi (mashine ya kusukumia vyuma kwa nguvu kubwa). Mimi niliifunga kwenye mfuko nikaenda nayo Gerezani, Kariakoo. Karibu kila mji wenye gereji za chuma kuna mtu ana presi ya chupa. Lakini usimwachie ukaenda kunywa chai, simama pale.

Kwenye presi, soma hapa mara mbili

Habu inasukumwa kutokea nyuma na itatoka na pete moja ya ndani ya beringi imeng'ang'ania shingoni. Hiyo inakatwa kwa grenda mkato mmoja wa mshazari, usifike kwenye habu, ukibakiza utando mwembamba piga patasi itapasuka. Vaa miwani, kile chuma ni kigumu na kinaruka kama risasi. Kisha toa saklipi, sukuma beringi ya zamani nje, safisha tundu kwa brashi na msasa laini kabisa.

Hapa kagua. Beringi mpya ikiingia kwenye nako kwa mkono bila kugoma, nako imekwisha. Kuna mafundi wanagonga vidoti kwa senta panchi ndani ya tundu ili ishike, haishiki, inashika kwenye ncha za vidoti tu na baada ya muda inazunguka ndani ya nako. Tafuta nako nyingine, ya mtumba inatosha. Na shingo ya habu ikiwa ya bluu au ina ngazi ukipitisha ukucha, badili na habu.

Beringi mpya mimi niliilaza kwenye friza usiku kucha ikiwa ndani ya nailoni yake. Chuma cha upana wa milimita 70 kikipoa nyuzi 40 kinasinyaa kama sehemu tatu za mia za milimita. Unaona ni kidogo, lakini ndio kipimo kile kile kinachofanya ikaze, kwa hiyo inasaidia kweli.

Kanuni ni hii. Nguvu ipite kwenye pete inayobanwa, isipite kwenye gololi.

Unaposukuma beringi iingie kwenye nako, kinachobana ni pete ya nje, basi sukuma pete ya nje peke yake. Chombo kizuri kuliko vyote ni pete ya nje ya ile beringi ya zamani, isage kidogo kwa nje isije ikanasa, iweke juu ya mpya usukume mpaka igote. Rudisha saklipi SASA, maana habu ikishaingia saklipi haipiti.

Unapoingiza habu mambo yanageuka, kinachobana ni pete ya ndani. Kwa hiyo chini ya nako weka kipande cha bomba au soketi kubwa inayobeba pete ya ndani ya beringi, alafu ndio usukume habu kutoka juu. Hapa ndipo beringi nyingi zinakufa, fundi analaza nako kwenye meza ya presi, anasukuma habu, na tani zote zile zinapita kwenye gololi kwenda pete ya nje. Kwa macho huoni kitu, inazunguka laini kabisa, baada ya wiki tatu unasikia uuuuu. Mimi yule kijana wa presi nilimwomba asimame, nikatoa soketi mfukoni nikaiweka mwenyewe. Hakufurahi ila alielewa nilipomwonyesha ile ya zamani yenye vishimo.

Kurudisha

Ni kinyume cha kufungua. Lililo muhimu ni nati ya ekseli, tumia mpya, kaza nyutonimita 216. Kama huna spana ya kupimia, hiyo ni sawa na uzito wa kilo 22 ukining'inia mwisho wa bomba la mita moja, kuanzia katikati ya nati. Nati za tairi ni 103, kama kilo kumi na nusu kwenye bomba hilo hilo. Pete ya ndani ya beringi iko vipande viwili, nati ndiyo inavibana viwe kitu kimoja, kwa hiyo gari lisikanyage chini wala kusukumwa kabla hiyo nati haijakazwa. Ukimaliza ponda ukingo wake, kanyaga breki mara kadhaa pedi zirudi, jaribu taratibu mtaani, alafu peleka gari wakapime wili alaimenti.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dodoma: Mkuu shukrani. Beringi ya nyuma ya IST nayo inahitaji presi?

Hapana kaka, ya nyuma kwa zile zisizo fowili ni raha. Beringi na habu ni kitu kimoja, toa tairi, toa dramu, kuna boliti nne kwa nyuma, unatoa zima unaweka zima. Safisha tu pale inapokaa, kutu ikibaki habu inakaa upande. Saa moja na nusu umemaliza.

Dada wa Kimara: Samahani, langu linaunguruma na Ijumaa nina safari ya Morogoro. Linaweza kwenda na kurudi?

Dada yangu, kwanza lipigwe jeki leo. Kama ni mlio tu na tairi halichezi hata kidogo, mjini taratibu unaweza kuvuta siku chache. Lakini Moro ni kama kilomita 190 kwenda tu, mwendo wa saa nyingi, beringi mbovu inapata moto, grisi inayeyuka inatoka na hali inabadilika ukiwa njiani. Na kama tairi linacheza usiende hata sokoni, diski inayumba na kusukuma pedi nyuma, siku unahitaji breki mguu unazama. Panda basi Ijumaa hii.

Mdau wa Mwanza: Mimi nimegonga kwa nyundo miaka kumi na magari yanatembea. Hizi presi ni mbwembwe.

Kaka sikatai yanatembea. Ukigonga pete ya nje tu, kwa chuma laini, kwa kuzunguka, unaweza ukabahatisha. Ila habu ukiigonga iingie bila kubeba pete ya ndani, hapo hakuna ufundi unaookoa gololi. Ipasue moja iliyorudi mapema utazame njia yake kwenye mwanga, utaona mwenyewe.

Mdau wa Mbagala: Shikamoo mzee. Mimi nina Hiace ya zamani, beringi za mbele ni mbili mbili zenye gololi ndefu kama vipande vya chaki. Somo hili linafaa?

Marahaba kijana wangu. Hizo ni za aina nyingine na kwako ni nafuu, presi huhitaji. Makombe (zile pete za nje) unayatoa na kuyaingiza kwa pini ya shaba ukigonga kwa kuzunguka. Beringi zenyewe zishindilie grisi ya beringi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, weka sili mpya. Kisha kaza nati huku unazungusha habu ili gololi zikae, legeza, rudia kukaza kidogo tu mpaka mchezo uishe na habu bado inazunguka kwa wepesi, funga kwa kufuli lake. Ukizidisha kukaza itaungua. Endesha kilomita chache, gusa habu, vuguvugu ni sawa, ikikuunguza fungua uanze upya.

Mdau wa Tanga: Nimebadili upande mmoja, je na wa pili nibadili kwa pamoja kama shokapu?

Sio lazima. Wa pili kama haulii na hauchezi uache.

Mdau wa Kigamboni: Masika iliyopita nilipita kwenye maji mpaka usawa wa habu, mwezi mmoja baadae zote mbili za mbele zinalia. Vinahusiana?

Vinahusiana sana. Habu ikiwa ya moto ukaizamisha, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, grisi inageuka kama maziwa na kutu inaanza. Na usijaribu kuifungua sili kuongeza grisi kama nilivyoona watu wanashauri, ukishaigusa haizibi tena. Badili zote mbili, na kwa gari lako uliza kwanza dukani kama beringi ni ya ABS yenye sumaku upande mmoja. Kama ni hiyo, upande wenye sumaku uelekee kwenye sensa, jaribu kwa pini ndogo ya karatasi utaona unanasa wapi. Ukiigeuza taa ya ABS itawaka na itabidi uitoe, na beringi ya presi ukishaitoa hairudi tena.