Kabla Hujarusha Setilaiti Ndogo, Liulizie Jua

Timu ikishapata nafasi kwenye roketi, maswali yote huwa ya kamera: inaona nini, picha ni kali kiasi gani. Wachache sana huuliza jua litakuwa katika hali gani mwaka wa kurusha. Ulizeni, tena kabla michoro haijafungwa.

Yaliyo wazi nayapitia haraka. Masafa ya redio yaombwe mapema kupitia mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika, kwa kuwa uratibu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hauna haraka na mtu. Jaribio la mtetemo, na lile la joto na baridi ndani ya chemba ya ombwe, yasirukwe hata tarehe ikibana. Kila namba iandikwe na kipimo chake. Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichotumwa Mars, ilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu ya ardhini ilitoa msukumo kwa vipimo vya pauni, waongozaji wakausoma kama newton. Mpaka leo naletewa majedwali yenye namba tupu, na nayarudisha.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo watu wanapolia.

Muda wa kukaa angani hupigiwa hesabu kwa hewa ya wastani, na hewa ya wastani haipo. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Kipimo cha F10.7, kinachofuatilia mawimbi yake ya redio ya sentimita 10.7, hukaribia 70 likitulia na kupita 200 likichachamaa. Urujuanimno nao huongezeka, angahewa ya juu hupata joto na kutanuka, na kwenye kimo cha kilomita 500 hewa yaweza kuwa nzito mara kumi na zaidi. Hewa nzito hukikinza chombo na kukishusha. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, ilitarajiwa ibaki juu mpaka kipatikane chombo cha kuisukuma. Jua likachangamka kuliko utabiri, kituo kikaanguka 11 Julai 1979 na vipande vyake kutapakaa Australia Magharibi.

Hiyo ni hali ya miaka. Dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia unaoletwa na jua, ni ya saa chache. Tarehe 3 Februari 2022 SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, mtandao wake wa intaneti, na kuziachia kwenye obiti ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa kilomita 210 hivi. Kuachia chini hivyo kulikuwa na busara yake: iliyo mbovu huanguka yenyewe bila kuwa takataka, iliyo nzima hujipandisha kwa injini. Dhoruba ya siku hizo ilikuwa ya daraja la G1, la chini kabisa kati ya madaraja matano. Nani aahirishe kwa ajili ya G1? Lakini dhoruba hata ndogo humwaga nishati karibu na ncha za dunia, hewa ya huko ikapashwa moto na kupanda, na athari yake ikasambaa dunia nzima. Setilaiti zikakutana na ukinzani wa hewa uliozidi ule wa safari za awali kwa hadi asilimia 50. Waongozaji wakaziamuru zilale kiubavu, zipasue hewa kwa makali kama karatasi. Tatizo ni kwamba mkao wa kujikinga si mkao wa kupanda, na hewa nzito haikuziruhusu zitoke humo. Hadi 40 kati yake zikarudi hewani na kuungua.

Hizo zilikuwa na injini. Ninyi wenye kisanduku cha sentimita 10 kisicho na injini, mtajitetea kwa nini? Rudieni hesabu kwa F10.7 ya juu na muongeze siku za dhoruba. Mwulizeni mrushaji kimo halisi cha kuachia, si kile cha kwenye tangazo. Kama mmedandia roketi ya wengine hamna sauti ya kuahirisha, kwa hiyo dhoruba iwe ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Mkao nao uangaliwe. ASCA, darubini ya eksirei ya Japani, ilipoteza mwelekeo katika dhoruba ya Julai 2000 hewa ilipotanuka na kuisukuma, paneli zake zikakosa jua na betri ikaisha. Haikurudi kazini tena.

Siku ya kurusha msikodolee macho Kp, kipimo cha ukali wa dhoruba ya sumaku, peke yake, kwa sababu ni kipimo cha vipindi vya saa tatu na mara nyingi kinaeleza yaliyokwisha kutokea. Fungueni grafu ya Bz, yaani uga wa sumaku wa upepo wa jua (chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua) ukipimwa kaskazini-kusini, kutoka vyombo kama ACE, vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Mstari ukizama chini ya sifuri na kukaa huko, uga wa sumaku wa upepo wa jua umeelekea kusini, na ukifika nishati itaanza kuingia kwetu. Kutoka hapo mna robo saa mpaka saa moja hivi kabla haujatufikia.

Mionzi: kompyuta ijiwashe upya yenyewe ikiganda. Juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako mikanda ya mionzi hushuka karibu, msipange vipimo nyeti; hata darubini ya Hubble husimamisha uchunguzi ikipita hapo. Redio nayo iwe na namna ya kunyamazishwa. Galaxy 15, setilaiti ya mawasiliano, iliacha kusikia amri Aprili 2010 huku ikiendelea kutangaza na kuelea kuelekea majirani zake, mpaka Desemba betri ilipoisha ndipo ikajiwasha upya.

Saa zote ziwe za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ufunguo wa kusimba amri uwe kwa watu wawili. Hesabu ya tarehe ya kuanguka irudiwe kila utabiri wa jua unaporekebishwa, na aliyeirudia aandike ametumia F10.7 ipi.