Mtoto hatulii nyumbani, skuli wala chuoni (madrasa): mzazi aanzie wapi? (Somo la ADHD)

Assalam alaykum wazazi na walimu wenzangu.

Ripoti za skuli zikitoka, kuna maneno hayakosekani: "Ana akili lakini hatulii." Mzazi akirudi nayo nyumbani, mtoto anachapwa, na ripoti ijayo inasema vile vile. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Pemba, si daktari. Ninayoandika hapa ni yale ambayo mzazi anaweza kuyaanza mwenyewe, kabla ya kufika hospitali na baada ya kutoka.

ADHD (kifupi cha jina la Kiingereza, attention deficit hyperactivity disorder) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mtoto hupata taabu ya kushikilia jambo mpaka mwisho, ya kutulia, na ya kujizuia kabla hajatenda. Inakadiriwa kuwa duniani watoto kama 5 katika kila 100 wanayo, kwa hiyo darasa la watoto 60 huenda lina watatu hivi. Hurithiwa sana, ndiyo maana baba mwingine akisikia dalili hucheka akasema "huyo mimi mtupu". Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo kunaongeza uwezekano. Malezi mabaya hayaileti, sukari haiileti, wala si kwa sababu mama kamdekeza. Utafiti uliofanyika Marekani na kutolewa 2007 ulionyesha kuwa kwa watoto hawa ubongo hukomaa kwa mpangilio ule ule wa kawaida, ila kwa kuchelewa, sehemu nyingi kwa miaka 3 hivi. Naomba mlishike hilo la miaka 3, kwa sababu ndilo linalonifanya nimtazame mtoto wa miaka 9 anayeshindwa kusubiri zamu yake kwa jicho jengine.

Hatua ya 1: Usikimbilie kumpa jina

Mtoto wa miaka minne kukimbia ukumbi mzima ni afya. Madaktari wanatumia orodha ya dalili 18: tisa za kutoshika jambo (anasahau vitu, anapoteza penseli, haonekani kusikiliza ukisema naye, anaacha kazi katikati) na tisa za utukutu na kutojizuia (hakai kitako, anapanda kila kitu, anajibu kabla swali halijaisha, anaingilia maneno ya watu). Mtoto awe na angalau 6 katika kundi moja, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali pawili au zaidi, na zinamharibia masomo au maisha yake na watu. Lazima yatimie yote.

Wengine wana dalili za kundi la kwanza tu. Hawa ndio wanaotupita, hasa wasichana. Amekaa kimya, hamsumbui mtu, macho ubaoni, na hajui hata kama mmefungua ukurasa gani. Mwalimu hamlalamikii, mwisho wa mwaka anaambiwa mzito.

Hatua ya 2: Daftari moja, mashahidi watatu

Hapa sisi tuna bahati ambayo wazazi wa kwengine hawana. Mtoto wetu anaonekana na watu wazima mahali patatu kila siku: nyumbani, skuli na chuoni. Chukua daftari la kawaida, na kwa muda wa wiki mbili andika ulichokiona, si ulichokihisi. "Hana adabu" haimsaidii daktari. Andika hivi:

"Jumatatu. Hesabu tano, kafanya mbili. Kainuka mara nne. Penseli kapoteza."

"Jumatano. Katumwa chumvi, karudi na mpira, chumvi kasahau, pesa anayo."

Kisha mwombe mwalimu wa darasa na ustadhi waandike mistari michache kila mmoja. Kama nyumbani hatulii lakini skuli na chuoni hana tatizo, tazama kwanza kilichomo nyumbani: ugomvi wa wazazi, msiba, kuhamishwa kwa bibi, au mtu anayemtisha. Kama tatizo ni skuli peke yake, pengine haoni ubao, au amebaki nyuma kusoma na anaona haya. Zikilingana sehemu zote tatu, hapo una jambo la kumpelekea daktari.

Hatua ya 3: Ondoa yanayofanana nayo

Msiiruke hatua hii, na kwa visiwa vyetu naisisitiza zaidi.

Masikio kwanza. Mtoto aliyekuwa akitoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri, na asiyesikia hawezi kutii. Macho vile vile. Halafu damu: minyoo, kichocho na lishe duni huleta upungufu wa damu, na mtoto mwenye damu ndogo huchoka, huduwaa na hukosa makini. Utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba kwa watoto wadogo na kuchapishwa 2001 ulionyesha kuwa kupewa madini ya chuma kuliwasaidia katika ukuaji wa lugha na matumizi ya viungo vya mwili. Kipimo cha damu ni jambo dogo, kiombeni.

Usingizi nao tunaudharau. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12. Aliyekesha kwenye televisheni akaamshwa alfajiri, mchana atakuwa kama mwenye ADHD. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi achunguzwe mafindofindo na nyama za pua.

Mwisho, kuna kifafa ambacho mtoto haanguki. Anakatika katikati ya neno, macho yanakodoa sekunde chache, kisha anaendelea kama hapakuwa na kitu, na huweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Anayewaza mbali ukimgusa bega anazinduka. Mwenye kifafa hiki hazinduki mpaka kipite chenyewe. Ukiona hivyo, usisubiri wiki mbili za daftari.

Hatua ya 4: Hospitali

Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa. Kwa Pemba kuna hospitali za Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee ya Mkoani. Unguja kuna Mnazi Mmoja, na kwa mambo ya afya ya akili kuna Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linawatisha wazazi, lakini kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa akili si kumwita mwendawazimu. Nenda na daftari lako. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotoa jibu la ADHD. Daktari anategemea historia, na historia unayo wewe.

Hatua ya 5: Badilisha namna ya kuamrisha

Hii haina haja ya kusubiri daktari. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 ndiyo tiba inayoanza, kabla ya dawa yoyote.

Tusikilize tunavyoamrisha. Mama yuko jikoni anakuna nazi, anapaza sauti: "We! Kaoge, uvae kanzu, chukua juzuu yako, na ukipita dukani mwambie nitamlipa kesho!" Hayo ni mambo manne, yamesemwa kwa mgongo, kwa mtoto ambaye kichwa chake kinashika moja. Anaifikia ndoo, anamuona kinyonga ukutani, basi. Baada ya nusu saa mama anamkuta na kinyonga na hajaoga, bakora inatoka.

Mfuate alipo. Mguse bega, mtazamane. Sema jambo moja kwa maneno machache: "Nenda kaoge." Mwambie akurudishie: "Nimekwambia nini?" Akimaliza, msifu papo hapo kwa alichofanya: "Umeoga bila kukumbushwa, ahsante mwanangu." Kisha ndiyo lije la kanzu. Mwanzo utaona unapoteza muda. Linganisha na muda unaoupoteza kwa kupiga kelele.

Malipo yawe ya leo. Kumwahidi baiskeli akifaulu mwisho wa mwaka ni sawa na kutomwahidi kitu. Chukua kopo na kete za bao. Kila akimaliza jambo mlilokubaliana, kete moja inaingia, aisikie inavyolia. Baada ya magharibi mnahesabu, na tano zinampa kitu kidogo anachokipenda, kama kwenda na baba pwani au kuchagua chakula cha usiku. Chagueni mambo mawili au matatu tu. Na kete iliyoingia haitoki, hata akikosea baadaye. Kosa lina adhabu yake, iwe fupi na ya hapo hapo, kama kukosa mpira jioni hiyo.

Kazi ya skuli ikatwe vipande vya dakika kumi, na katikati ainuke akachote maji au akamwite bibi. Siku yake iwe na mpangilio usiobadilika. Chora kwa picha kwenye kipande cha boksi, ubandike mlangoni kwa urefu wa macho yake.

Hatua ya 6: Skuli na chuoni

Akae mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtoto mtulivu. Apewe kazi za kuinuka: kufuta ubao, kugawa madaftari. Maswali matano aliyoyamaliza yana faida kuliko kumi aliyoyaacha. Wazazi, msiende kwa mwalimu kulalamika. Nendeni na daftari mkamuulize yeye anaona nini.

---

MASWALI NA MAJIBU

Mama wa Wete: Mwalimu, wangu akipewa simu acheze gemu anakaa kitako saa nzima, hata ukimwita hasikii. Sasa huyo ana ADHD kweli au ananichezea shere?

Jibu: Hakuchezei, mama. Gemu linampa zawadi kila sekunde: sauti, rangi, pointi. Kitabu kinampa baada ya nusu saa. Shida ya watoto hawa ni kuelekeza na kushikilia makini pale ambapo malipo yako mbali, ndiyo maana nimesisitiza kete. Simu yenyewe iwe na muda uliowekwa, na usiku isiingie chumbani.

Ustadhi, Konde: Nina wanafunzi arubaini kwenye mkeka. Mmoja huyu anafinya wenzake, anazunguka, hashiki somo. Nikimwacha bila bakora wengine watasema anapendelewa. Na wazazi wake ndio walionambia nimchape.

Jibu: Ustadhi, Allah akulipe kwa kuuliza. Bakora inamtuliza kwa dakika chache, kisha anarudi pale pale, kwa sababu kujizuia hakufundishwi kwa maumivu. Mweke ubavuni mwako, si safu ya nyuma. Mpe aya mbili badala ya ukurasa, asikilizwe mapema akiwa bado hajachoka. Kutikisika akisoma mwache, hakumzuii kuhifadhi. Mpe kazi ya kukusanya juzuu. Wengine wakiuliza, waambie kila mtu anapewa somo analoliweza; hata sasa hawako wote sura moja.

Bibi, Makunduchi: Mjukuu wangu nimeambiwa ana shetani wa ukoo, atolewe. Mwengine anasema ni hasadi. Nifanye lipi?

Jibu: Shikamoo bibi. Kumsomea dua mjukuu hakuna anayekukataza, na sauti yako akilala nayo ni faraja kwake. Ninalokuomba ni matatu: asipigwe, asifukizwe moshi mpaka akakosa pumzi, na asinyweshwe dawa usiyoijua. Na siku ya hospitali isiahirishwe kwa ajili ya hayo. Kama anaanguka au anakodoa macho bila kuzinduka, apelekwe mapema.

Baba wa watatu, Jang'ombe: Nasikia kuna vidonge. Havitamfanya zezeta? Na kuna jirani anampa wake dawa ya mafua jioni ili alale mapema.

Jibu: Huyo jirani mwambie aache. Dawa ya mafua inayoleta usingizi haitibu ADHD, na mtoto anaamka mzito zaidi. Dawa inayotumika sana duniani kwa ADHD inaitwa methylphenidate. Hailazi: inaongeza nguvu ya kemikali za ubongo zinazosaidia kushika jambo na kujizuia. Inaweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi na kupandisha kidogo mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari hupima uzito, urefu na presha mara kwa mara. Mtoto akionekana zezeta, kipimo hakijamkaa sawa, arudishwe kwa daktari. Si kila mtoto anaihitaji, na haianzishwi kwa ushauri wa jirani wala duka la dawa.

Mwalimu mwenzako, Mkoani: Itamtoka akikua?

Jibu: Kwa wengi kukimbia kunapungua wakifika ujana, ila kusahau na kutopanga mambo hubaki kwa kiasi hata ukubwani. Wengine dalili hupungua mpaka hazisumbui tena. Aliyesaidiwa mapema hujifunza njia za kujipanga.

Mama, Mtambile: Msimu wa karafuu unakuja. Wangu ana miaka kumi na moja, keshaanza kupanda mikarafuu na binamu zake. Nikimkataza anatoroka. Namchunga vipi?

Jibu: Asipande, mama, na hili usilegeze. Watoto wenye ADHD huumia zaidi ya wenzao kwa sababu wanatenda kabla ya kufikiri. Hata barabarani na baharini ni hivyo hivyo. Lakini ukimkataza tu bila kumpa la kufanya atatoroka kweli. Mpe kazi ya chini yenye jina: yeye ndiye wa kupokea pishi, kugeuza karafuu kwenye jamvi na kukuita mvua ikitaka kunyesha. Kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu) mpe kidogo kidogo, maana kukaa muda mrefu hatoweza. Mlipe jioni ile ile kama wachumaji wanavyolipwa, hata kama ni shilingi chache. Na kaka yake mkubwa umkabidhi mbele ya watu wote, ajue kuwa siku hiyo dhamana ya mdogo wake ni yake.