Kusafisha PTBP1 ya binadamu bila kubeba RNA ya bakteria

PTBP1 ni protini ya binadamu yenye asidi amino 531 na uzito wa takriban kDa 57. Hushika RNA penye C na U nyingi, na mara nyingi kazi yake ni kuzuia eksoni fulani (kipande cha ujumbe wa jeni) isiingizwe wakati RNA inakatwa na kuungwa. Kuitengeneza ndani ya E. coli ni rahisi. Ugumu ni kuitoa humo ikiwa haijashikilia kitu, kwa kuwa bakteria kajaa RNA na protini hii haichagui sana ikiwa na njaa.

1. Plazmidi (duara la DNA linalobeba jeni ya protini). Mkia wa histidini sita mbele, ukifuatwa na mahali pa kukatwa na TEV, kimeng'enya cha kuondoa mkia. Bakteria ni E. coli aina ya BL21(DE3) au Rosetta. GST, protini inayotumika kama mkia mbadala, siipendi hapa: ni kubwa, tena hujiunga mbili mbili, na usipoikata itakuvurugia vipimo vya mshikamano na RNA.

2. Kuotesha. 37 °C hadi OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ifike 0.6, poza hadi 18 °C, tia IPTG 0.3 mM ya kuwasha jeni, acha usiku kucha. Wapo wanaomaliza kwa saa tatu kwenye 37 °C. Shauri yao.

3. Kupasua. Bafa: Tris 50 mM pH 8.0, NaCl 1 M, imidazoli 20 mM, gliseroli 5%, TCEP 1 mM (huzuia vifungo vya salfa), na PMSF (huzuia vimeng'enya vinavyokula protini) ya kutia dakika ya mwisho. Usiweke EDTA, kemikali inayonasa metali: itang'oa nikeli ya kolamu ya hatua ya 4. Pasua kwa mawimbi ya sauti juu ya barafu, kisha zungusha kwa nguvu hadi maji ya juu yawe maangavu. Hiyo NaCl 1 M usiipunguze hata kama karatasi ya maelekezo ya kolamu inasema 300 mM.

4. Nikeli. Pitisha maji hayo kwenye kolamu ya nikeli, inayoshika mkia wa histidini, osha, kisha toa protini kwa imidazoli 300 mM.

5. Kuondoa RNA. Hapa ndipo watu hupotezea wiki. Wanafunzi huniletea jeli yenye mstari mmoja safi kwenye kDa 57 wakiuliza kwa nini protini yao haishiki RNA ya jaribio. Rangi ya Coomassie, inayotiwa kwenye jeli, huonyesha protini, haionyeshi RNA. Pima mwanga kwenye nanomita 260 na 280. Protini safi hutoa uwiano wa karibu 0.6, RNA tupu karibu 2. Ukiona 1 usijifariji kwamba uko katikati: asilimia chache tu za RNA kwa uzito zinatosha kuupandisha hapo. Kipimo cha sifuri kifanye kwa bafa ileile uliyotolea protini, maana imidazoli nayo hufyonza mwanga. Na kiasi cha protini kipime kwa Bradford (kipimo cha rangi), kwa sababu RNA itapotosha kipimo cha nanomita 280.

Dawa ya kwanza ni chumvi: protini ikiwa bado imekaa kwenye nikeli, ioshe kwa NaCl 2 M, polepole, ujazo wa kolamu kumi au zaidi. Uwiano ukigoma kushuka, rudi kwenye maji ya hatua ya 3 katika mzunguko unaofuata, udondoshee PEI (polima yenye chaji chanya inayogandisha RNA) hadi 0.1% huku ukikoroga kwenye barafu. Litatokea wingu jeupe, zungusha ulitupe. PEI inayobaki itaondoka utakapoosha nikeli kwa chumvi.

Utashauriwa utie RNase A, kimeng'enya kinachokula RNA. Sikushauri hata kidogo. Haihitaji magnesi, kwa hiyo EDTA haiizuii. Ina vifungo vinne vya salfa vinavyoifanya sugu. Na kwa kuwa ina chaji chanya kama PTBP1, heparini, ya kolamu ya hatua ya 6 yenye chaji hasi, huzishika zote mbili. Utapata uwiano mzuri wa kupendeza, halafu RNA yako ya jaribio iliwe. Benzonase, kimeng'enya kingine kinachokula RNA na DNA, ina nafuu kidogo, ila huhitaji magnesi na hulegea kwenye chumvi nyingi, yaani haielewani na bafa yetu.

6. Heparini. Kata mkia kwa TEV, shusha NaCl hadi 100 mM, pakia kwenye kolamu ya heparini, kisha pandisha chumvi taratibu hadi 1 M. Chukua vile virija vyenye uwiano wa chini hata kama si vyenye protini nyingi zaidi.

7. Kuhifadhi. HEPES 20 mM pH 7.5, KCl 150 mM, gliseroli 20%, TCEP 1 mM. Gawa kidogo kidogo, gandisha kwa nitrojeni ya maji, weka −80 °C. Kirija kikishayeyuka usikigandishe tena.

8. Kabla ya jaribio lolote. Changanya protini na RNA yenye alama, acha saa moja kwenye 37 °C, kisha pitisha kwenye jeli ya urea kando ya RNA isiyotiwa protini. Mistari ikilingana, endelea na vipimo vya mshikamano. Ikichakaa kuelekea chini, kuna kimeng'enya kinachokula RNA: tupa shehena hiyo yote, na kolamu iliyoipitisha usiitumie kwa protini nyingine ya RNA.