Jinsi ya kumsikilizisha rafiki albamu bila kumhutubia

Niliwahi kumwita rafiki yangu tusikilize *The Dark Side of the Moon*, albamu ya bendi ya roki ya Pink Floyd. Nikaongea upande wote wa kwanza: sikia gitaa hilo, sikia huyu mama anavyoimba bila neno hata moja. Akiaga akaniambia, "Asante kwa hotuba." Iliniuma, lakini alisema kweli. Siku hizi nafanya hivi.

Usianze na albamu unayoipenda wewe kuliko zote. Anza na iliyo karibu na masikio yake. Mpenda ngoma mpe albamu ya nne ya bendi ya Led Zeppelin, ya 1971, ile isiyo na jina juu ya jalada. Mpenda maneno mpe *Horses* ya mwimbaji na mshairi Patti Smith.

Kisha sikilizeni upande mmoja tu, kimya. Upande wa santuri ni dakika ishirini na ushee, na wanamuziki wa enzi hizo walizipanga nyimbo wakijua kuna mtu atainuka kuigeuza. Kwa Pink Floyd, upande wa kwanza unaishia na sauti ya yule mama ikififia. Ukigeuza unapokelewa na mlio wa sarafu na mashine ya kuhesabia pesa. Kwenye simu pumziko hilo halipo, basi litengenezeni wenyewe: simamisha, nyoosheni miguu, mrudi. Na hakikisha programu haichanganyi nyimbo, maana hapo mtakuwa mmesikiliza kitu kingine kabisa.

Mkimaliza usimuulize "umeipenda?" Atakujibu kwa adabu tu. Muulize ni wapi aligutuka, mrudie hapohapo. Sasa ndipo una ruhusa ya kusimulia, tena kisa kimoja. Changu ni cha "When the Levee Breaks", wimbo wa ile albamu ya nne ya Led Zeppelin. Ngoma za John Bonham, mpiga ngoma wao, ziliwekwa chini ya ngazi katika nyumba kuukuu ya Headley Grange, Uingereza, na maikrofoni zikaning'inizwa juu. Cheza sekunde za mwanzo, kabla kinanda cha mdomo hakijaingia: utasikia kila pigo likipanda ngazi. Halafu mchezee wimbo wenyewe wa asili, wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, 1929, kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927. Ni gitaa na sauti, basi. Rafiki yangu mmoja hajarudi kwenye roki tangu nimsikilizishe huo. Amehamia kwenye blues moja kwa moja. Sawa tu.

Mkienda tamashani, kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, mbebe vizibo vya masikio, na kurekodi kuwe wimbo mmoja. Kama hakuna tamasha, chukueni *Made in Japan* ya bendi ya Deep Purple, iliyorekodiwa jukwaani Agosti 1972. "Space Truckin'" ya studio haifiki dakika 5. Jukwaani inakaribia 20. Sikilizeni zote mbili mfululizo, mbishane. Mimi naona dakika tano hivi zingepunguzwa, na nimeshatukanwa kwa kusema hivyo.

Kitabu kije baada ya albamu, asije akasoma habari za sauti asizozijua. *Just Kids* ya Patti Smith humfaa hata asiyejua muziki. *Life* ya Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, ni nene, ila msomaji anayepiga gitaa atakwama pale Richards anapoeleza kwa nini aliutoa uzi mzito wa gitaa lake na kubaki na nyuzi tano. Mimi huazimisha nakala yenye maoni yangu ya penseli pembeni, na anayeazima namtaka aongeze yake kwa wino.

*Life* yangu imerudi juzi kutoka kwa yule wa hotuba. Pembeni pa sifa nilizomwandikia Richards, ameandika kwa bluu: "Hapa tutagombana." Anakuja Jumamosi, na safari hii albamu anachagua yeye.